Korona Ilifunga Shule za Mbumbuni Sawa na za Nairobi. Ikikuja Ingine, Tutarudia Yale Yale?

Kama ulikuwa mwanafunzi Machi 2020, lazima unakumbuka ulikuwa wapi ile Jumapili. Ilikuwa tarehe 15. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu Waziri wa Afya Mutahi Kagwe atangaze kesi ya kwanza ya korona Kenya, na sasa Rais Uhuru Kenyatta alikuwa kwa TV akisema shule zote zifungwe. Za kutwa zisifunguliwe kesho yake, za bweni ziwe zimetoa wanafunzi kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Wasee walishangilia, tusidanganyane. Tulidhani ni wiki tatu za kulala na kucheki muvi halafu maisha inaendelea. Mimi niliacha godoro, sufuria mbili na meko ya gesi kwa hosteli. Hilo godoro sijawahi kuliona tena, na hiyo kozi sijawahi kuimaliza.

Lakini hii story si yangu. Ni ya wale watoto niliwapata ocha.

Nilikimbilia Mbumbuni, kwa susu yangu. Kama hujui Mbumbuni, ni soko upande wa Mbooni, kaunti ya Makueni, mbali na kelele za barabara ya Mombasa. Huko mtoto wa shule ya msingi haendi na basi la manjano. Anatoka kwao asubuhi na miguu, mara nyingi na mtungi wa lita tano mkononi, juu shule ikikosa maji ni wanafunzi ndio mfereji. Jioni anarudi na vumbi hadi kwa kope. Madirisha ya madarasa mengine hayana vioo, yaani upepo unaingia utake usitake. Kumbuka hiyo ya madirisha, nitairudia.

Siku shule zilifungwa, Kenya nzima ilikuwa na kesi tatu zinazojulikana. Tatu. Hakuna hata moja ilikuwa karibu na Mbumbuni. Na bado shule ya kijiji ilipigwa kufuli siku moja na shule ya Westlands yenye watoto wa watu wanaoshuka ndege kila wiki.

Sisemi kufunga ilikuwa makosa. Machi 2020 hakuna mtu alijua hiki kitu ni nini. Tuliona Italia vile majeneza yalikuwa yanabebwa na malori ya jeshi, na kila mtu alijua hospitali zetu zingeshindwa mapema kuliko za Wazungu. Mimi mwenyewe ningefunga. Swali langu ni la baada ya hapo: zilikaa zimefungwa kiasi gani, nani alifunguliwa kwanza, na nani aliuliza kama shule ya kutwa ya kijiji ni kitu kimoja na shule ya bweni ya watu elfu moja mia tano.

Jibu la hilo la mwisho ni fupi. Hakuna.

Miezi tisa na nusu si likizo

Tarehe 7 Julai, marehemu Profesa George Magoha, wakati huo Waziri wa Elimu, alisimama akasema mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. KCPE na KCSE hazitafanywa mwaka huo, kila mtu arudie darasa lake Januari. Halafu upepo ukabadilika. Oktoba serikali ikasema Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne warudi tarehe 12. Wengine wote walingoja mpaka Januari 4, 2021.

Fanya hesabu. Kutoka Machi 16 mpaka Januari 4 ni miezi tisa na nusu. Binamu yangu alikuwa Darasa la Saba. Aliacha shule akiwa na sketi inamfika chini ya magoti, akarudi ikiwa juu ya magoti. Susu alilazimika kufumua pindo.

Tucheki majirani kidogo. Tanzania walifunga Machi 17, wakafungua vyuo na Kidato cha Sita Juni 1, na shule zingine zote Juni 29. Najua, Tanzania ya Magufuli haikuwa inatoa hesabu ya wagonjwa, kwa hivyo hatuwezi kusema walifanya salama, tunaweza kusema tu walifungua. Burundi hawakufunga kabisa. Uganda nao walienda ile njia ingine hadi mwisho: walifunga Machi 2020, wakafungua vipande vipande, wakafunga tena, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili. Watoto kama milioni 15. Hakuna nchi duniani ilikaa na shule zimefungwa muda mrefu kuliko hapo. Kwa hivyo sisi Wakenya tuko hapo katikati, na tunajipiga kifua ati tulijaribu.

Lakini "tulijaribu" inategemea ulikuwa wapi. Mtoto wa shule za bei kali Nairobi alikosa darasa labda siku kumi, halafu akaingia kwa Zoom na laptopu yake, mwalimu akamwambia azime maiki. Mbumbuni kulikuwa na nini? Kulikuwa na redio. KICD ilikuwa inapeperusha masomo kupitia KBC na ile chaneli yake ya elimu, na si vibaya, walimu walijitahidi. Shida ni redio iko moja nyumbani, na saa ya somo la Sayansi ndio saa susu anataka Musyi FM asikie matangazo ya vifo. Unadhani nani atashinda hapo? Pia redio haikuulizi swali. Binamu yangu alikuwa anaandika kila kitu mwalimu wa redio anasema, hata "habari za asubuhi wanafunzi". Hakuna mtu wa kumwambia hiyo haiandikwi.

Na mnakumbuka ile maputo ya Google? Loon? Julai 2020 walizindua na Telkom, maputo 35 angani yakitupa intaneti maeneo ya kati na magharibi ya Kenya. Watu walipiga picha mbingu. Januari 2021 kampuni ikasema inafunga biashara. Huku Ukambani hatukuona hata kivuli cha puto. Bando la mia moja lilikuwa linaisha kabla video moja ya hesabu ifike mwisho, na simu yenyewe ilikuwa ya mjomba anayeenda nayo kazini bodaboda.

Ile namba ya Machakos

Juni 2020 kulitokea ile habari ilifanya Twitter iwake: wasichana karibu elfu nne wameshika mimba kaunti ya Machakos, jirani yetu hapa, ndani ya miezi mitano. Kila mtu akawa mchambuzi. Wengine wakalaumu wazazi, wengine TikTok, wengine wasichana wenyewe, kama kawaida. Wanaume waliowapa hizo mimba ni kama hawakuwa Machakos siku hiyo.

Sasa nataka mnisikize hapa juu watu wengi walirukia hiyo namba vibaya. Ilikuwa 3,964, kutoka rekodi za hospitali za Januari hadi Mei, wasichana wa miaka 10 hadi 19. Ukishajua mimba huchukua miezi tisa na wengi huenda kliniki ikiwa imekua, unaona mara moja kwamba wengi wa hao walishika mimba kabla ya shule kufungwa. Na waliocheki rekodi za nchi nzima walipata kwamba miezi hiyo hiyo ya 2019, shule zikiwa wazi, namba zilikuwa juu zaidi. Kwa hivyo hiyo habari haikuonyesha kazi ya korona. Ilionyesha shida ambayo tulikuwa nayo miaka yote na tulikuwa tumeizoea.

Hiyo haimaanishi kufunga shule hakukuumiza wasichana. Kuliumiza, na ushahidi wake ukaja baadaye, kimya kimya, bila hashtag. Kule Siaya kuna watafiti walikuwa tayari wanafuatilia wasichana wa sekondari. Wakalinganisha waliomaliza Kidato cha Nne 2019 na wale walionaswa na lokdauni. Matokeo yalitoka 2022: hao wa lokdauni walikuwa na uwezekano mara mbili wa kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu wa kuacha shule kabisa. Mara tatu. Siaya si Makueni, lakini ukiniambia msichana wa Mbumbuni alikuwa na ulinzi ambao wa Siaya hakuwa nao, nionyeshe ni upi.

Wavulana nao wana story yao na haisemwi sana. Kijana wa miaka 15 akishaanza kupata mia mbili kwa siku, awe anachoma makaa, anapakia mchanga au anashikia mtu pikipiki, kumrudisha kwa dawati Januari akae na Darasa la Saba ni kazi. Kwa njia ya kwenda sokoni kwetu nawajua watatu ambao hawakurudi. Mmoja sai ana watoto wawili na ni msee poa tu, anachapa kazi. Lakini Machi 2020 alikuwa anataka kuwa daktari wa wanyama, na alikuwa na akili ya hiyo kazi.

Oktoba ilifanya kazi, na hakuna mtu anaizungumzia

Hapa ndio nataka tukae kidogo.

Oktoba 12, 2020, madarasa matatu yaliporudi, kitu kilitokea ambacho kwa shule za umma za Kenya ni kama ndoto: kulikuwa na nafasi. Shule yenye madarasa manane na watoto wa madarasa mawili tu inaweza kuwagawa. Kwa shule ya karibu na kwetu, Darasa la Nane waliketi vyumba vitatu, mmoja kila dawati, madirisha wazi. Mwalimu alikuwa anazunguka. Kulikuwa na ndoo yenye mfereji kwa kila mlango. Watoto walikuwa na barakoa, nyingi zikiwa kwa kidevu, sitadanganya. Lakini watoto hawakuwa wamebanana, na hewa ilikuwa inapita.

Hebu linganisha na Mombasa mwezi huo huo. Kabla Oktoba iishe, Tononoka na Star of the Sea zilikuwa zimefungwa baada ya walimu kupatikana na korona, na mwalimu mkuu wa Tononoka akafariki. Hao si watoto. Hilo ndilo jambo ambalo kelele zetu zilikosa mwaka mzima: watoto wengi korona iliwapita kama homa. Waliokuwa hatarini ni mwalimu wa miaka 56 mwenye sukari, mpishi wa shule, na susu nyumbani ambaye analala chumba kimoja na wajukuu wanne. Shule salama ni ile inamlinda huyo mwalimu darasani na huyo susu jioni. Serikali iligundua hilo kidogo Novemba 4, iliposema wafanyakazi wa umma wa miaka 58 kwenda juu wafanyie kazi nyumbani. Sawa, mwalimu wa Hesabu wa Mbumbuni afanyie kazi nyumbani aje? Na nani atachukua kipindi chake?

Halafu angalia ni nani walichaguliwa warudi kwanza. Darasa la Nane na Kidato cha Nne, sababu mtihani wa kitaifa. Gredi ya 4, sababu ndio walikuwa kichwa cha mtaala mpya na walikuwa na tathmini yao. Yaani kilichofungua mlango ni karatasi ya mtihani. Mtoto wa Gredi ya 1, ambaye ndio alikuwa ameanza kuunganisha herufi, ambaye hawezi kujisomea hata ukimpa redio kumi, na ambaye kuugua sana ilikuwa nadra, huyo aliambiwa angoje mwisho kabisa. Ukiuliza mwalimu yeyote wa darasa la chini atakuambia Januari 2021 alianza upya na A, E, I, O, U.

Kulikuwa na njia ingine. Shule za kutwa za vijijini zingefunguliwa kwa zamu kutoka Agosti ama Septemba: madarasa haya Jumatatu na Jumatano, yale Jumanne na Alhamisi, wadogo asubuhi, wakubwa mchana. Kaunti zenye kesi chache zianze, Nairobi na Mombasa zingoje. Shule za bweni za mwisho, juu huko ndio watoto wanalala kitanda juu ya kitanda na wanatoka kaunti ishirini tofauti. Tulifanya kinyume. Kidato cha Nne wa bweni walisafiri na matatu kutoka pembe zote za nchi Oktoba, na mtoto wa Gredi ya 2 ambaye shule iko mita mia tatu kutoka kwao akaendelea kuchunga mbuzi mpaka Januari.

Miti, madawati na mtungi

Januari wote walirudi na hesabu ya mita moja na nusu ikakufa kifo cha kawaida. Magoha mwenyewe alikubali kwamba nafasi hiyo haipo, akasema watoto wavae barakoa, wanawe mikono, na ambapo hakutoshi wasomee chini ya miti. Watu walimcheka sana. Kulikuwa na memes wiki nzima.

Mimi nitamtetea marehemu kwa hiyo moja. Kwa ugonjwa unaosambaa kwa hewa, chini ya mti ni salama kuliko ndani ya darasa la watoto sitini. Na kule kwetu mwembe ni mkubwa kuliko darasa. Shida ya mti si sayansi, shida ni kwamba hakuna mtu alipanga kuutumia. Mti unahitaji ubao wa kubebeka, mkeka ama benchi, na mwalimu wa pili, juu ukigawa darasa mara mbili hutagawa mwalimu mara mbili. Pia ukianza hiyo mambo Novemba mvua ya vuli itakufukuza, Ukambani hiyo ndio mvua yetu ya maana. Miezi ya mti ni Julai, Agosti, Septemba. Hiyo ndio miezi shule zilikuwa na kufuli.

Pesa zilikuwepo, msidhani tulikuwa hatuna kitu. Mei 2020 Uhuru alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa bilioni 53.7, na Elimu ikapewa bilioni 6.5 ya kuajiri walimu 10,000 na vijana 1,000 wa kompyuta. Baadaye kukaja ile ya madawati ya jua kali, bilioni 1.9, na mafundi wengi wa mitaani walipata kazi, hiyo ilikuwa poa. Lakini dawati jipya kwa darasa ambalo limeshajaa ni samani tu. Unaliweka wapi?

Ukiniuliza kitu kimoja Mbumbuni ingehitaji kabla ya dawati, ni tangi. Kila bango la korona lilisema nawa mikono na sabuni sekunde ishirini. Sawa kabisa. Sasa chukua shule ya watoto mia tatu, kila mmoja anawe mara nne kwa siku, hata ukitumia kile kibuyu chirizi cha kukanyaga kamba kinachotoa maji kidogo. Nusu lita kila kunawa, hizo ni lita 600 kwa siku. Ni mitungi 120 ya lita tano, ya kunawa pekee, kabla ya kupika, kabla ya choo. Nani anaibeba? Watoto wale wale, kutoka kisima ama mtaro wa mchanga kilomita mbili huko. Paa la mabati la shule lingevuna hayo maji Novemba kama lingekuwa na mifereji na tangi la maana. Shule nyingi Ukambani zina paa, zina mvua ya miezi miwili, na hazina kitu katikati.

Barakoa nayo tulikuwa na bahati ambayo hatukuitumia. Ng'ambo ya mto Athi, Kitui, kile kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, ambacho Gavana Charity Ngilu alikuwa amekianzisha na watu wakakibeza, kiligeuka 2020 kikaanza kushona barakoa, kama elfu 30 kwa siku. Wamama wa Kitui waliokuwa wanashona sare za shule ndio walikuwa wanavalisha hospitali. Hiyo ndio aina ya jibu napenda: kitu kiko karibu, kinafanya kazi, kinabadilishwa. Lakini Januari kwetu mtoto bado alikuwa anavaa barakoa moja wiki nzima, ile ya kumi bob, inafuliwa mpaka inakuwa kama karatasi ya chai.

Msichana wa Kari Mwailu

Aprili 15, 2021, Magoha alisoma matokeo ya KCPE. Aliyeongoza nchi nzima alikuwa Faith Mumo, alama 433, kutoka Kari Mwailu, shule ya umma, kaunti ya Makueni. Tulipiga vigelegele mpaka soko likasimama. Mwaka wa korona, na namba moja anatoka kwetu, si akademia ya Nairobi.

Halafu wanasiasa wakaanza. Mnaona? Korona haikuharibu kitu. Watoto wetu ni wagumu.

Hapana. Huyo msichana alikuwa Darasa la Nane, na Darasa la Nane walirudi Oktoba. Walikuwa na miezi mitano kamili ya darasa kabla ya mtihani wa Machi 22, wakiwa na nafasi na walimu wote wa shule kwa muda. Akili ni yake na bidii ni yake, sitamnyang'anya. Lakini ukitaka kutumia mfano wake, mfano wake unasema shule ya umma ikifunguliwa na mtoto apewe nafasi na mwalimu, anaweza kuwapiga wote. Binamu yangu wa Darasa la Saba hakupewa hiyo Oktoba. Alirudi Januari, akamaliza Saba Julai, akaingia Nane wiki hiyo hiyo karibu, kwa ile kalenda ya kukimbizwa ambapo muhula ni wiki kumi na likizo ni kama kupepesa jicho, akafanya KCPE Machi 2022. Alipata alama ambazo hatuzisemi kwa sherehe. Wale waliofuatilia shule za bweni zikichomeka mwishoni mwa 2021 wanajua hiyo kalenda ilifanyia vichwa vya watoto nini.

Sai tuko wapi?

Mnaweza kusema hii ni historia, tuachane nayo. Sawa, lakini Julai 2024 mpox ilipatikana Taita Taveta kwa mpaka. Aprili 2023 Mukumu Girls kule Kakamega ilifungwa baada ya wasichana kuugua na wengine kufa, na uchunguzi ukaelekea kwa maji na chakula. Hiyo haikuwa korona. Ilikuwa bweni lililojaa na maji machafu, vitu vile vile. UNICEF na UNESCO walishasema 2021 kwamba shule ziwe za mwisho kufungwa na za kwanza kufunguliwa. Maneno matamu. Ili iwe ya mwisho kufungwa, lazima iwe na maji kabla ugonjwa ufike.

Na pesa za hayo maji zitoke wapi? Shule ya sekondari inafaa kupata shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliambia wabunge kwamba serikali inaweza kumudu kama 16,900 tu. Baadaye wakubwa wakasema elimu ya bure haijaguswa, lakini mwalimu mkuu hanunui tangi na taarifa ya vyombo vya habari. Shule za msingi nazo hupewa 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na hizo ndio zimebebeshwa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, kwa ua ule ule. Yaani nafasi ambayo tulikuwa hatuna 2020, sai iko chini zaidi. Ile hesabu ya Oktoba, ya kugawa Darasa la Nane vyumba vitatu, leo haiwezekani hata ukitaka.

Kwa hivyo nikiwa mzazi Mbumbuni, ama mwanachama wa bodi ya shule, swali ningeuliza mkutano ujao si kama tuna barakoa stoo. Ningeuliza tangi ni lita ngapi, mifereji ya paa imefika wapi, ni darasa gani halina dirisha linalofunguka, ni nani ana orodha ya walimu wenye sukari na presha, na tukiambiwa kesho tufungue kwa zamu, ratiba iko kwa karatasi ama iko kwa kichwa cha mtu mmoja. CDF ikija na mabati, ningeomba mifereji nayo.

Nilikuwa ocha mwezi uliopita. Binamu yangu sai ni mkubwa, yuko Kidato cha mwisho, ananiita mzee. Susu bado yuko, ana miaka ya kutosha, na bado redio ni yake. Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa nimeketi nje na chai nikaona watoto wa majirani wakipita kwenda shule ile ile. Gredi ya 2, Gredi ya 3 hivi. Niliwahesabu kumi na moja. Tisa walikuwa na mtungi.